Mtoto Amewahi, Mama Amepasuliwa: Mapokezi Yaanzie Wapi?

Kila nyumba inayosubiri mtoto ina ratiba yake, hata kama hakuna aliyeiandika. Begi limefungwa tangu mimba ilipoingia mwezi wa nane. Khanga zimefuliwa mara mbili tatu zilainike. Dereva wa bajaji ameombwa asizime simu usiku, na mama mkwe amekwisha kutoa taarifa ya siku atakayoshuka stendi na ndizi zake za mtori. Kinachotarajiwa ni uchungu uanze jioni, alfajiri mtoto alie, na keshokutwa mzazi awe nyumbani anapuliza uji wa pilipili manga.

Kisha presha inapanda wiki ya 32 na daktari anasema mtoto atolewe leo hii. Au njia inafunguka hadi sentimita 6 na kugoma hapo. Mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, fomu ya ridhaa inaletwa, na mama anasukumwa thieta baba akiwa bado yuko kwenye foleni ya dirisha la malipo. Au mtoto anatoka vizuri lakini halii, anakimbizwa chumba cha pili, na mama anabaki kwenye kitanda cha leba macho yako mlangoni. Muda si mrefu simu zinaanza kuingia: hongera, umepata nini?

Kwa wanaojikuta hapo nina jambo moja la kusema. Kumpokea mtoto si tukio la saa moja ambalo likikupita ndiyo basi. Ni kazi kadhaa: kumpakata, kumlisha, kumpa jina, kumtambulisha kwa watu wake, na kumpokea pia mama aliyemleta. Zote zinaweza kufanywa kwa kuchelewa, au wodini, au kwa mikono ya mtu mwingine. Ratiba imevurugika, lakini kazi zipo palepale, na nyingi zinaweza kuanza leo.

Wala hamko peke yenu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya kutimiza wiki 37, karibu mmoja katika kila 10, na kwamba duniani zaidi ya mzazi mmoja kati ya kila watano hujifungua kwa upasuaji. Hesabu hizi hazimpunguzii mtu maumivu, ila zinasaidia kumnyamazisha shemeji anayetaka kujua ulikula nini hadi ikawa hivi.

La kwanza kuamua, na liamuliwe upesi, ni nani anamfuata nani. Mtoto akipewa rufaa kwenda hospitali kubwa na mama akabaki na mshono wake, familia nzima huwa inakimbilia gari la wagonjwa. Saa mbili baadaye mama anazinduka wodini hana hata mtu wa kumpa maji. Awepo mtu mmoja kwa mtoto na mwingine kwa mama. Wa mtoto apige picha kurasa zote za kadi ya kliniki kabla haijaingia kwenye faili la mama, na awe anajua kutaja saa ya kuzaliwa, uzito, wiki za mimba na sindano ambazo mtoto amekwisha kuchomwa, maana huko aendako ataulizwa yote hayo na watu watatu tofauti. Wa mama awe mwanamke ambaye mzazi hamwonei haya, kwa kuwa kuna kupelekwa chooni, kubadilishwa pedi na kusaidiwa kukamua maziwa. Awe pia mtu asiyeuliza maswali ya lawama. Akianza na "kwani hukwenda kliniki?", mbadilisheni bila kugombana.

Kama wote wawili wako hospitali moja, ombeni mama apelekwe kwa kiti cha magurudumu akamwone mtoto siku hiyohiyo. Wodi nyingi hazikatai ombi hilo. Zinasahau tu kulianzisha zenyewe. Isipowezekana, mtu apige picha ya mtoto, kwa ruhusa ya nesi, amletee mama. Picha ya njiti mwenye mrija puani inatisha, lakini mama asiyeona chochote huwaza makubwa zaidi.

Kazi ya pili haisubiri mtu apone, nayo ni maziwa. Matone ya kwanza, dang'a, ni machache, mazito na ya njano, na watu huyadharau wakisema maziwa hayajatoka. Yametoka. Kwa mtoto wa siku moja kijiko kimoja cha chai ni mlo, na kwa njiti hata tone linalopakwa ndani ya shavu lina kinga ambayo haimo kwenye kopo lolote la dukani. Mama aanze kukamua ndani ya saa chache za mwanzo, hata kama miguu bado ina ganzi ya thieta. Anawe mikono, au aoshwe. Kidole gumba kikae juu ya ziwa na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya duara jeusi, mbali na chuchu. Asukume kuelekea kifuani, abane, aachie. Asukume tena, abane, aachie. Ngozi isisuguliwe. Dakika za mwanzo zinaweza kupita bila kitu kutoka, naye asikate tamaa. Siku hiyo ya kwanza matone yafyonzwe moja kwa moja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu yakiingia kwenye kikombe nusu yake hubaki yamenata pembeni.

Baada ya hapo arudie mara 8 au zaidi kwa saa 24, usiku ukiwamo. Usiku ndio unaorukwa na wengi, na ndio wakati homoni ya maziwa inapokuwa juu. Aliyepasuliwa anaweza kuona maziwa yakijaa siku ya nne au ya tano badala ya ya pili au ya tatu; hilo ni la kawaida na halihitaji dawa ya mtu wa sokoni. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye chumba kisicho na joto kali. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari yafikishwe mapema kuliko hapo, ndani ya chombo chenye kifuniko kilichochemshwa na kuwekwa katikati ya barafu, kikiwa kimeandikwa jina la mama, tarehe na saa.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 hivi mara nyingi hajaweza kupanga kwa pamoja kunyonya, kumeza na kupumua. Atalishwa kwa mrija, kisha kwa kikombe kidogo, kisha ziwani. Hatua hizo zisirukwe. Maziwa yakiwa hayatoshi, swali hilo ni la daktari wa watoto. Jijini Nairobi, Hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ambako wanaotoa maziwa hupimwa na maziwa yenyewe hupashwa moto kwa utaratibu maalumu kuua vijidudu. Kumpa mtoto ziwa la jirani bila vipimo ni jambo jingine kabisa: VVU hupita humo, na kwa Waislamu kuna suala la undugu wa kunyonya ambalo linafaa kuzungumzwa na shehe mapema.

Sasa nije kwenye kifua, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya wazazi jijini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi kuliko mashine za joto. Walilazwa zaidi ya mmoja kwenye mashine na kuambukizana magonjwa. Akawaambia mama zao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia ile ya kuziba pengo imegeuka kuwa tiba yenye ushahidi mzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwamo, uliwafuatilia watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na gramu 1,799. Baadhi yao waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, wengine wakasubiri kwanza hali zao zitulie kwenye mashine. Katika siku 28 za mwanzo walifariki asilimia 12 ya walioanza mapema, na karibu asilimia 16 ya waliosubiri. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake: njiti aanze kifuani tangu kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye mahututi.

Kwa hiyo nesi akisema "mama njoo umbebe", huo si mchezo wa kumfariji mzazi. Ni dozi. Na inabebwa hivi. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Mama afungue nguo ya mbele. Mtoto asimamishwe katikati ya matiti, kifua chake juu ya kifua cha mama, kichwa kigeuzwe upande mmoja na kidevu kiinuliwe kidogo, kwa kuwa shingo ikikunjika mbele njia ya hewa huziba kimyakimya. Miguu ikunjwe magotini na kupanuliwa pembeni, mikono nayo ikunjwe. Kisha khanga, iliyokunjwa ikawa pana kiasi cha kufunika kutoka chini ya sikio la mtoto hadi makalio, izungushwe mgongoni na kufungwa. Ikaze kiasi kwamba mama akisimama mtoto hatelezi, lakini isimbane tumbo, maana njiti hupumulia tumbo. Juu yake blauzi kubwa au kitenge. Hapo mama anaweza kula, kutembea koridoni, hata kulala akiwa ameegemea mito nusu wima.

Mama akiwa bado thieta au chumba cha uangalizi maalumu, kifua cha baba kinafaa, na cha bibi pia. Nimewahi kumwona fundi magari mmoja, mtu wa miraba minne, ameketi kwenye benchi la wodi ya njiti vifungo vya shati vimefunguliwa, khanga ya mkewe imemzunguka, kofia ndogo ya sufi imechomoza chini ya kidevu chake, hathubutu hata kukohoa. Rafiki zake wa gereji walianza kumcheka kutokea mlangoni. Nesi akawauliza nani kati yao amenawa mikono, maana zamu ya pili inatafuta mtu. Wakatoweka.

Mama naye apokewe. Kwenye vibaraza vyetu bado kuna watu wanaosema aliyepasuliwa "hakuzaa", au alikuwa mvivu wa kusukuma. Siwezi kuwa mpole kwa kauli hiyo. Aliyekatwa tumbo na mfuko wa uzazi akiwa macho, kisha kesho yake akaamka kumfuata mtoto wake huku ameshikilia ukuta, hadaiwi uthibitisho na mtu yeyote.

Anywe dawa za maumivu kwa saa zilizopangwa, asingoje hadi yamshinde. Paracetamol na ibuprofen anazoandikiwa baada ya operesheni hazina shida kwa anayenyonyesha, na wanaozikwepa kwa kuhofia maziwa huishia kushindwa kukaa sawasawa wanyonyeshe. Asimame ndani ya saa 24 akiwa ameshikwa mkono, kwa sababu damu isiyotembea huganda miguuni. Akikohoa au kucheka akandamize mto mdogo juu ya mshono. Nesi atamuuliza kama ametoa hewa. Ajibu bila haya, hiyo ni habari njema kwamba utumbo umeamka. Na akianza kunyonyesha amweke mtoto ubavuni, miguu ikielekea mgongoni kwake, mwili ukishikwa chini ya mkono kama mwanafunzi anavyobana daftari kwapani, ili uzito usiangukie kidonda.

Kuhusu mkaja na kukandwa, naomba radhi kwa mashangazi. Kumfunga tumbo mtu aliyepasuliwa kwa kitambaa safi kisichobana kunaweza kumpa nafuu anapotembea, mradi kifunguliwe mara kwa mara na kikilowa jasho kibadilishwe. Kumkanda tumbo kwa maji ya moto, hapana. Ngozi inayozunguka mshono inakuwa na ganzi kwa wiki nyingi. Itaungua kabla mwenyewe hajahisi, na kidonda kinaweza kufumuka. Miguu na mgongo kwa maji ya uvuguvugu, kandeni, ni raha. Mtori, supu na uji vije kwa wingi.

Taarifa kwa ndugu nazo zina namna yake. Andikeni ujumbe mmoja, atumiwe kila mtu, na mtu mmoja asiye mama ndiye ajibu simu. Unaweza kuwa hivi: "Tumepata mtoto wa kike leo saa 10 alfajiri, kwa operesheni. Amewahi kidogo, yuko chumba cha watoto anahudumiwa. Mama yake anaendelea vizuri. Kwa sasa hatupokei wageni wodini. Anayetaka kutushika mkono: chakula cha mchana cha mzazi kesho na keshokutwa, na mtu wa kumchukua kaka yake shuleni. Kukiwa na jipya tutawaambia." Ujumbe kama huo unatangaza mtoto kwa furaha anayostahili, unasema ukweli, na unawapa watu kazi. Watu wetu wakikosa kazi huja wodini kumi kwa mkupuo na soda. Waliochangia damu wakati mama yuko thieta watajwe kwa majina.

Jina lisingoje. Kwenye kitanda cha njiti hubandikwa utepe ulioandikwa "mtoto wa fulani", na kuna wazazi wanaoogopa kumwita jina mpaka waone kama atakaa. Naielewa hofu hiyo, lakini simshauri mtu aifuate. Mpeni jina, mwombeni nesi aliandike kwenye utepe, mwiteni kwa sauti mnapombeba, njiti anasikia. Baba Mwislamu anaweza kumuadhinia mtoto sikioni siku atakayoruhusiwa kumsogelea. Akika ya siku ya saba ikishindikana, maulamaa wengi wanaruhusu siku ya 14 au ya 21, na hata baadaye. Padri na mchungaji nao hufika wodini wakiitwa. Arobaini je? Mtoto akikaa hospitali wiki tano, mama aliyekuwa akishinda kwenye benchi na kulala kwenye jamvi hajapumzika hata siku moja. Akirudi nyumbani, mwanzishieni arobaini yake upya.

Nyumbani kuna mambo machache ambayo kwa njiti hayana mjadala. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kumpasha mzazi joto. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Udi na ubani, ambavyo mwandishi huyu anavipenda kuliko anavyopaswa, vifukizwe chumba kingine, mapafu ya mtoto yakomae kwanza. Wanja usipakwe machoni wala kwenye kitovu, kwa kuwa baadhi yake una madini ya risasi. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu, bila mate, bila mafuta, isipokuwa dawa iliyotolewa na kituo. Wageni wanawe mikono, wasimbusu, na mwenye mafua asalimie dirishani.

Kuna dalili ambazo zikionekana hakuna kusubiri asubuhi. Kwa mtoto ni kukataa kunyonya, kulegea, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea ndani anapovuta hewa, joto la nyuzi 37.5 kwenda juu au mwili kuwa wa baridi hata akiwa kifuani, na manjano yaliyofika viganjani na nyayoni. Kwa mama ni damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, homa, usaha au harufu kwenye mshono, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kubanwa pumzi, na kuumwa kichwa sana huku akiona maruweruwe. Hili la mwisho hudharauliwa kwa sababu mimba imekwisha. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu hata baada ya kujifungua, kwa hiyo aliyekuwa na presha aendelee kupimwa.

Moyo wa mama unahitaji uangalizi uleule wa mshono. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida kwa wazazi wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Yakivuka hapo, au ikawa halali hata mtoto akiwa amelala, anajiona mzigo, hamtaki mtoto, anaota thieta kila usiku, au anazungumzia kufa, hiyo ni sonona au mshtuko, na ina tiba hospitalini. Asitafutiwe kwanza mtu wa kumtoa shetani. Akianza kusikia sauti zisizokuwapo au kusema mambo yasiyoeleweka, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake na mtoto. Mwenye huzuni ya kawaida naye aruhusiwe kuisema. "Mshukuru Mungu mtoto mzima" ni kauli njema, lakini ikitangulia kila sentensi anayoianza humfundisha kunyamaza. Anaweza kumpenda mtoto wake na papo hapo akasikitika kwamba hakumsikia akilia mara ya kwanza. Baba pia, yeye ndiye aliyesimama koridoni akiwa na fomu mkononi, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza kitu.

Kwa walioajiriwa Tanzania: likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea mama wa njiti muda uliobaki hadi kutimia wiki 40 za mimba, na baba wa njiti anapata siku 7 badala ya 3. Mwombeni daktari barua inayotaja wiki za mimba siku ya kujifungua, na ipelekwe kwa mwajiri kabla likizo haijaanza kuhesabiwa vibaya.

Hesabu ya umri nayo ina mtego wake. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi wiki 8, kwa hiyo akifikisha miezi sita tangu kuzaliwa mtegemeeni afanye mambo ya mtoto wa miezi minne. Msimlinganishe na wa jirani aliyezaliwa wiki hiyohiyo. Chanjo hufuata tarehe halisi ya kuzaliwa, ingawa ile ya kifua kikuu inaweza kusogezwa hadi uzito uongezeke. Waliozaliwa wadogo sana na waliowekewa oksijeni wapimwe macho, na kipimo cha kwanza kwa kawaida huwa karibu na wiki ya nne. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 wiki sita kabla ya wakati, alipoteza uwezo wa kuona kwa tatizo la macho linalowapata njiti. Siku hizi likiwahiwa linatibika, ila dirisha lake ni la wiki chache. Msipoambiwa tarehe ya kipimo, iulizeni, na ulizeni pia kipimo cha masikio.

Kabla ya kuruhusiwa, mama au msaidizi wake akae chini na daktari na daftari. Kwa nini operesheni ilifanyika, au kwa nini mtoto aliwahi? Mfuko wa uzazi ulikatwa kwa kulala au kwa kusimama? Jibu la swali hili huamua kama mimba ijayo anaweza kujaribu kujifungua kawaida. Mwenye mkato wa kulala sehemu ya chini mara nyingi anaweza kujaribu, hospitalini penye thieta na si zahanati. Mwenye mkato wa kusimama hapaswi kujaribu. Kovu la nje halionyeshi kilichofanyika ndani, kwa hiyo msibahatishe kwa kutazama tumbo. Aliongezewa damu? Kundi lake ni lipi? Atumie njia gani ya uzazi wa mpango huku akinyonyesha, kwa kuwa inashauriwa ipite miaka 2 tangu kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa, karatasi ipigwe picha, na nakala ikae kwa mtu wa pili.

Aliyejifungua mapema kwa sababu ya presha asisubiri tumbo lionekane mimba ijayo. Aende kliniki kabla ya wiki 12 na karatasi hiyo mkononi, aseme siku ya kwanza kabisa kilichotokea, kwa sababu aspirini ya kiwango kidogo inayoweza kupunguza hatari ya kurudia hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, na daktari hawezi kumwandikia kwa historia asiyoijua.